Chai ya Kichina kwa Kipandauso: Kikombe Kimebeba Nini?

Mwaka 1076 utawala wa nasaba ya Song ulifungua duka la dawa la serikali katika mji wa Kaifeng, China. Kazi ya duka hilo na matawi yake ilizaa kitabu cha kanuni za kuchanganya dawa, Taiping Huimin Heji Ju Fang, kilichorekebishwa na kuongezwa katika karne ya 12. Miongoni mwa kanuni hizo imo moja ya maumivu ya kichwa inayotumika mpaka leo, chuanxiong chatiao san. Ni unga wa mimea minane, ukiongozwa na mzizi wa chuanxiong, na ndani yake mna nanaa na mizizi kadhaa yenye harufu kali. Mgonjwa huumeza baada ya chakula na kuuteremsha kwa chai ya kijani isiyotiwa kitu. Kutokana na kanuni hii na nyinginezo zenye mimea kama tianma, gouteng au maua ya juhua, imekua familia nzima ya chai na unga unaouzwa kama tiba ya kipandauso, kutoka Beijing hadi mitaa ya Dar es Salaam. Swali linaloulizwa kila mara ni kama chai hizo zinaponya. Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo halijibiki likiulizwa kwa mkupuo. Kikombe kimoja kimebeba vitu vinne: kafeini, matumaini ya anayekunywa, kemikali za mimea, na visivyoandikwa kwenye pakiti. Kila kimoja kina ushahidi wake. Ukivitenganisha utaona kwamba vilivyothibitika zaidi ndivyo visivyotangazwa, na kinachotangazwa zaidi ndicho kingali na deni la ushahidi.

Ugonjwa wenyewe kwanza. Si kila maumivu ya kichwa ni kipandauso. Kwa vigezo vya kimataifa, kipandauso ni maumivu yanayorudi tena na tena, yakidumu kati ya saa 4 na saa 72 yasipotibiwa, mara nyingi upande mmoja wa kichwa, yakipwita, yakizidi mtu anapopanda ngazi au kutembea, na yakiandamana na kichefuchefu au na kuchukia mwanga na kelele. Wanawake huathirika takriban mara tatu kuliko wanaume, na makadirio ya kimataifa yanaweka idadi ya wenye ugonjwa huu duniani juu ya bilioni moja. Kiini chake kimo ndani ya ubongo na katika neva kubwa ya uso, ambayo ikichochewa hutoa kemikali, hasa ile iitwayo CGRP, inayotanua mishipa ya damu na kukoleza uchungu. Katika maelezo hayo yote, jambo moja ndilo la kushikwa na kila anayepima tiba: kipandauso huondoka chenyewe. Tena hupanda na kushuka. Miezi mibaya hufuatwa na miezi ya nafuu bila sababu inayoonekana. Mtu hutafuta dawa mpya pale hali yake ilipochacha kupita kawaida, na baada ya kilele mteremko hauna budi kuja. Kilichokuwa mkononi wakati wa mteremko ndicho kinachopewa shukrani. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja, hata awe mkweli kiasi gani, hauwezi kuamua jambo hili.

Hata hivyo, hakuna haki katika kumcheka anayeshika kikombe. Tiba ya hospitali imepiga hatua kubwa tangu sumatriptan ilipoingia sokoni mwaka 1991, lakini haijamaliza kazi. Mapitio ya majaribio ya dawa hiyo yaliyofanywa na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yalionyesha kwamba kwa dozi ya miligramu 100, asilimia 32 ya wagonjwa walikuwa hawana maumivu kabisa baada ya saa mbili, ikilinganishwa na asilimia 11 ya waliopewa kidonge kitupu. Dawa ilifanya kazi bila shaka. Na bado wagonjwa wawili kati ya watatu walikuwa na maumivu saa mbili baadaye. Dawa za kinga, kama propranolol na amitriptyline, huwasaidia wengi na huwachosha wengine kwa usingizi, uzito au ulegevu. Kingamwili zinazozuia CGRP, zilizoanza kuidhinishwa mwaka 2018, zina bei ambayo mgonjwa wa kawaida wa Afrika Mashariki hawezi kuigusa. Isitoshe, vidonge vya kutuliza maumivu vikimezwa kwa siku 15 au zaidi kila mwezi, au siku 10 kwa triptani (jamii ya sumatriptan) na dawa za mchanganyiko, vyenyewe hugeuka kuwa chanzo cha maumivu. Mgonjwa aliyekwisha kupita njia hizo zote ana sababu ya kutafuta kitu kingine. Swali ni kama anachouziwa ni kitu hicho.

Wenye fani ya tiba ya Kichina hawaoni kipandauso kama ugonjwa mmoja. Tabibu huangalia ulimi, husikiliza mapigo, huuliza kuhusu usingizi, hedhi na choo, kisha huamua mgonjwa yuko katika hali gani: upepo wa nje umemwingia, yang ya ini, yaani nguvu yake ya joto, imepanda, damu imekwama, au baridi imeshika tumbo na ini. Kwa upepo hutoa chuanxiong chatiao san. Kwa yang ya ini iliyopanda hutoa mchanganyiko wenye tianma na gouteng. Kwa baridi yenye matapishi hutoa wuzhuyu tang, kanuni ya Zhang Zhongjing wa zama za mwisho wa nasaba ya Han, yenye tunda chungu la wuzhuyu, ginseng, tangawizi na tende za Kichina. Hapa pana mambo mawili ya kutenganisha. Uchunguzi wa wagonjwa uliofanywa na waganga hao ni wa makini: walitambua kwamba yapo maumivu yanayokuja na matapishi, yapo yanayofuata hasira, yapo yanayofuata hedhi. Maelezo ya sababu, yaani upepo na yang, ni jambo jingine; hayapimiki, na hakuna kifaa kitakachoyaona. Mtu anaweza kuwa sahihi kuhusu alichokiona na akakosea kuhusu kilichokisababisha. Kwa hiyo kukataa nadharia ya upepo hakutoshi kuikataa dawa, na kuikubali dawa hakutulazimishi kuikubali nadharia.

Tuanze basi na kilicho wazi zaidi kikombeni, nacho ni chai yenyewe. Kwa waganga wa Song, chai ya kijani ilikuwa na kazi ndani ya tiba: waliihesabu kuwa chungu na baridi, yenye kuzuia ukali wa mimea ya moto na kusafisha kichwa. Kwa lugha ya leo, chai ina kafeini, na kafeini ni miongoni mwa vitu vilivyopimwa vizuri katika maumivu ya kichwa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2014 yalikuta kwamba kuongeza miligramu 100 au zaidi za kafeini kwenye dawa ya kutuliza maumivu huongeza kwa asilimia 5 hadi 10 idadi ya watu wanaopata nafuu nzuri. Mwaka 1998 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu mchanganyiko wa aspirini, paracetamol na kafeini uuzwe kwa ajili ya kipandauso. Dozi yake ya vidonge viwili ina miligramu 130 za kafeini. Kikombe cha chai ya kijani huwa na kama miligramu 30 hadi 50. Ni kidogo, lakini si sifuri, na anayekunywa vikombe vitatu akiwa amemeza paracetamol amejitengenezea kitu kinachokaribia mchanganyiko huo. Tukumbuke kwamba ushahidi huu unahusu kafeini kama msaidizi wa dawa nyingine. Kafeini peke yake haijathibitika hivyo. Na chai nyingi za kipandauso za siku hizi, kama zile za maua ya juhua, hazina jani la chai ndani yake.

Kafeini ina upande wa pili. Mtu aliyezoea zaidi ya miligramu 200 kwa siku kwa zaidi ya wiki mbili, akiiacha ghafla, huweza kuumwa kichwa ndani ya saa 24. Wanaofunga Ramadhani wanayajua maumivu ya siku za mwanzo za mfungo, na watafiti wameyahusisha kwa sehemu na chai na kahawa iliyokosekana asubuhi. Mtu wa namna hiyo akinywa kikombe chenye jani la chai atapona ndani ya saa moja na kuisifu mimea, kumbe chai imeondoa maumivu ambayo kukosekana kwake kulileta. Hali hii huwapata hata wasio na kipandauso hata kidogo, na baadhi ya sifa zinazopewa mchanganyiko wa mimea zinaweza kuwa zimetoka hapo.

Kitu cha pili ni matumaini. Watu wengi hulisikia neno hili kama tusi, kana kwamba anayepata nafuu kwa matumaini alikuwa akijisingizia. Utafiti wa kipandauso wenyewe unaonyesha vingine. Mwaka 2014 watafiti wa Harvard, miongoni mwao Ted Kaptchuk na Rami Burstein, walichapisha jaribio la wagonjwa 66 waliopewa rizatriptan, dawa ya jamii ya sumatriptan, au kidonge kitupu kwa maelezo yaliyobadilishwa kila mara: mara bahasha iliandikwa dawa, mara iliandikwa kitupu, mara iliachwa katika mashaka. Waliojua wazi kwamba wanameza kidonge kitupu walipata nafuu kuliko walipokaa bila kumeza chochote. Na kidonge kitupu kilifikia zaidi ya nusu ya nafuu iliyoletwa na dawa halisi, vyovyote bahasha ilivyoandikwa. Kaptchuk aliwahi kusomea tiba ya Kichina Macao kabla hajawa mtafiti wa suala hili, na safari yake ya kielimu inaeleza mengi: aliyeanza kwa kujifunza mimea aliishia kuchunguza nguvu ya tendo lenyewe la kutibiwa. Fikiria kinachotendeka mtu anapoandaa chai hii. Anaacha kazi, anachemsha mizizi kwa nusu saa au zaidi, anavuta mvuke wenye harufu, anakaa mahali patulivu na kunywa kitu cha moto kidogo kidogo. Kupumzika gizani na kimya, kunywa maji ya kutosha na kutulia ni mashauri ambayo daktari yeyote angeyatoa. Nafuu ya namna hii ni ya kweli. Ila haitokani na chuanxiong, na haidai mtu anunue mzizi wa bei kubwa ulioagizwa kutoka mbali.

Tunafika sasa kwenye mimea, ambayo ndiyo inayolipiwa. Mzizi wa chuanxiong, unaolimwa zaidi Sichuan, una ligustilide, asidi feruliki na tetramethylpyrazine, kemikali ambazo maabarani hulegeza misuli ya mishipa ya damu na kupunguza kugandamana kwa chembe sahani. Tianma ina gastrodin, inayotuliza neva katika wanyama wa majaribio. Hayo ni ya kutia moyo, lakini chembechembe katika sahani ya maabara hazina kipandauso, na kemikali inayofanya kazi ikimwagwa juu ya seli inaweza isifike kwenye damu kwa kiasi cha maana baada ya kuchemshwa na kumezwa. Yapo majaribio kwa binadamu, mengi yakiwa yamefanyika China, na mapitio yake kwa kawaida husema mimea ilishinda dawa ya kulinganishwa. Tatizo ni ubora. Mara nyingi wagonjwa na madaktari walijua nani amepewa nini, na kwa ugonjwa unaopimwa kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, kujua huko kunatosha kupindisha matokeo. Mwaka 1998 mtafiti Andrew Vickers na wenzake walikagua majaribio ya tiba mbalimbali kutoka nchi tofauti wakakuta kwamba kati ya yale ya China yasiyohusu sindano za akyupancha, asilimia 99 yalitoa jibu la kupendeza, huku yale ya Uingereza yakifikia asilimia 75. Hakuna nchi ambayo kila inachojaribu kinafaulu. Idadi kama hiyo inaonyesha kwamba yaliyoshindwa hayachapishwi, na kwa hiyo rundo la makala zinazosifu haliwezi kuhesabiwa kwa uzito wake wa juu juu.

Mtetezi wa mimea atajibu kwamba karne tisa za matumizi ni jaribio kubwa kuliko lolote la hospitali. Hoja hii ina nguvu mahali pamoja: dawa inayoua papo hapo au inayotapisha kila anayeionja haiwezi kudumu karne tisa. Matumizi marefu huchuja madhara ya haraka. Hayachuji madhara ya polepole, na mfano umo ndani ya chuanxiong chatiao san yenyewe. Mmoja wa mimea yake minane ni xixin. Waganga wa kale walionya kwamba unga wake usizidi qian moja, kiasi cha gramu 3 hivi, kwa kuwa huweza kumbana mtu pumzi. Onyo hilo ni ushahidi kwamba walikuwa macho. Wasichoweza kukijua ni kwamba xixin iko katika ukoo wa mimea wenye asidi ya aristolokia, ambayo huharibu figo kimyakimya na kuzaa saratani ya njia ya mkojo miaka mingi baadaye. Hakuna tabibu wa karne ya 12 ambaye angeunganisha kikombe cha leo na kifo cha miaka ishirini ijayo. Kitabu rasmi cha dawa cha China kilibadilishwa mwaka 2005 ili zitumike sehemu za ardhini tu za xixin badala ya mmea mzima, kwa kuwa majani yana asidi hiyo zaidi. Marekebisho hayo yaliletwa na vipimo vya kemia. Uzoefu wa karne haukuyaleta.

Jinsi madhara ya asidi hiyo kwa figo yalivyojulikana inastahili kukumbukwa na kila anayesema kwamba cha asili hakidhuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakihudhuria kliniki ya kupunguza uzito mjini Brussels, Ubelgiji, walianza kupatwa na kushindwa kwa figo kwa kasi ya ajabu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1993 uliwafikisha madaktari kwenye vidonge vya mimea ya Kichina: mmea uliokusudiwa ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana, Aristolochia fangchi. Zaidi ya watu mia moja waliathirika. Wengi walihitaji kusafishwa damu au kupandikizwa figo, na baadhi yao baadaye walikutwa na saratani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka asidi ya aristolokia katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Haimaanishi kwamba kila kikombe cha chai ya kipandauso kina sumu. Inamaanisha kwamba mnywaji hawezi kujua kwa kuonja, wala muuzaji kwa kunusa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo huja na jina la Tu Youyou. Mwanasayansi huyu wa Beijing, akifanya kazi katika mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria ulioanza tarehe 23 Mei 1967, alipata njia yake kutoka kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4, kilichoeleza matumizi ya mmea wa qinghao kwa homa. Kutoka hapo ilipatikana artemisinin, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Je, si uthibitisho kwamba vitabu vya kale vinajua? Ndiyo, kwa sehemu. Na Afrika Mashariki ni shahidi wa karibu, kwa kuwa dawa mseto ya malaria, ALu, inayotolewa katika zahanati zetu imetokana na ugunduzi huo. Lakini tazama alichofanya Tu. Kuchemsha kulikuwa kukiharibu kilichotafutwa. Ge Hong alisema mmea ulowekwe majini na kukamuliwa, bila kutaja kuutia motoni, na kidokezo hicho kilimwongoza Tu kutumia etha kwa joto la chini. Kisha dondoo likapimwa kwa wanyama, yeye na wenzake wakajipima wenyewe, likapewa dozi, na kemikali yake ikatambuliwa. Kitabu cha kale kilimpa mahali pa kuchimba. Maabara ndiyo iliyotoa dawa. Katika mamia ya kanuni zilizokaguliwa na mradi ule, nyingi hazikutoa chochote, na hizo nazo zilikuwa za kale vilevile.

Somo hilo lina sehemu ya pili ambayo watetezi wa chai huipita haraka. Artemisinin haiyeyuki vizuri majini, na kiasi chake katika majani hutofautiana shamba kwa shamba. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani, katika tamko la mwaka 2012 na tena la 2019, halikuunga mkono matumizi ya chai ya mmea huo kwa malaria, likihofia dozi ndogo isiyoua vimelea na inayovizoesha dawa. Mwezi Mei mwaka 2020 Tanzania ilituma ndege Madagascar kuchukua kinywaji cha artemisia, yaani qinghao, kilichotangazwa kuwa kinga na tiba ya korona, wakati hakuna jaribio lililokuwa limechapishwa kuhusu kinywaji hicho. Mmea uleule ulioleta ushindi mkubwa kuliko wote wa mitishamba ulikuwa umerudishwa kikombeni na kupewa sifa ambayo kikombe hakikuichuma. Anayetaja Tu Youyou ili kuuza chai anautumia mfano unaompinga.

Pingamizi la tatu hutoka kwa matabibu wenyewe: kwamba jaribio la kisayansi linampa kila mgonjwa kitu kimoja, ilhali tiba ya Kichina humpima kila mtu peke yake, kwa hiyo mizani haifai. Hoja hii ingekuwa nzuri kama isingekuwa na jibu. Inawezekana kumwacha tabibu achague kanuni kwa kila mgonjwa, kisha mtu mwingine asiyeonekana aamue kwa bahati nasibu nani apewe kanuni hiyo na nani apewe unga mtupu wenye rangi na ladha ileile. Wajapani wamekaribia hapo. Wuzhuyu tang, wanayoiita goshuyuto, hutengenezwa huko viwandani kwa chembechembe za kipimo kimoja, na bima ya afya ya taifa hulipia dawa za aina hii. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, wagonjwa wa maumivu sugu ya kichwa walipewa kwanza dawa hiyo. Walionufaika ndio waliogawanywa, wengine wakaendelea nayo na wengine wakapewa kitupu bila kujua. Waliobaki na dawa waliumwa kwa siku pungufu kuliko wenzao. Utafiti ulikuwa mdogo, na hauwezi kubeba uamuzi peke yake. Lakini ulifanyika, na mpango wake uliheshimu dai la matabibu kwamba dawa inamfaa mgonjwa wa aina fulani. Kinachosemwa kuwa hakiwezi kupimwa, kimeshapimwa.

Isidhaniwe kwamba mizani hii ni ya kuionea Asia. Mmea wa Ulaya uitwao Petasites hybridus ulifaulu majaribio ya kukinga kipandauso kiasi kwamba mwaka 2012 chama cha madaktari wa neva cha Marekani kiliupendekeza kwa kiwango chake cha juu cha ushahidi. Mwaka 2015 pendekezo likaondolewa, kwa sababu ya hofu ya madhara kwa ini. Mmea huo ulikuwa na nguvu za kweli, na bado ulidai tahadhari. Kanuni ya jumla inafuata: mmea usio na nguvu hauwezi kudhuru wala kuponya, na wenye nguvu ni dawa kama dawa nyingine, yenye dozi, madhara na migongano. Muuzaji hawezi kudai yote mawili kwa pamoja, kwamba chai yake inashinda vidonge na kwamba haina madhara yoyote kwa kuwa ni ya asili. Gancao, mzizi mtamu uliomo katika kanuni nyingi, ukitumiwa sana hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Chuanxiong huleta mashaka kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kwa mjamzito.

Bado kimebaki kitu cha nne kikombeni, kisichoandikwa kwenye pakiti. Mwaka 1997 watafiti wa Taiwan walichapisha matokeo ya uchunguzi wa sampuli 2,609 za dawa za Kichina zilizokusanywa kutoka hospitali. Asilimia 23.7 zilikuwa zimechanganywa na dawa za viwandani bila kutajwa, na miongoni mwa zilizoonekana mara kwa mara zilikuwamo kafeini na paracetamol, pamoja na dawa za jamii ya steroidi. Msomaji ataona uhusiano na mada yetu mara moja: kafeini na paracetamol ndiyo mchanganyiko wa vidonge vya maumivu ya kichwa. Mwanaanthropolojia Elisabeth Hsu, aliyechunguza matumizi ya tiba ya Kichina Tanzania, aliandika mwaka 2002 kwamba wagonjwa waliisifu kwa kufanya kazi haraka. Sifa hiyo inaweza kuwa na sababu nyingi, na haithibitishi udanganyifu wa duka lolote. Lakini unga wa mizizi unaokata maumivu makali ndani ya nusu saa unastahili kupelekwa maabara kabla ya kupelekwa mdomoni.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Timu za madaktari wa China zimekuwa Zanzibar tangu mwaka 1964, na mwaka 1987 Tanzania na China zilianza ushirikiano wa kutafiti dawa za Kichina kwa wenye Ukimwi, katika hospitali ya Muhimbili. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza linalosajili waganga na dawa. Mlango wa usimamizi upo. Mnunuzi aupitie kwa kuuliza namba ya usajili, majina kamili ya mimea na kiasi cha kila mmoja. Pakiti isiyotaja vilivyomo haistahili fedha ya mtu. Na kabla ya chai yoyote, ahakikishe kwamba anachougua ni kipandauso kweli. Kichwa kinachouma pamoja na homa katika nchi zetu kinadai kipimo cha malaria, na shingo ikikakamaa kinadai hospitali usiku huohuo. Maumivu yaliyopasuka ghafla kwa ukali usiowahi kuonekana, yanayokuja na udhaifu wa upande mmoja wa mwili, yaliyoanza baada ya umri wa miaka 50, au yanayompata mjamzito mwenye macho yanayoona ukungu, hayo yote si ya kuchemshiwa mizizi.

Hukumu basi ni hii. Jani la chai lina kafeini inayosaidia kidogo, na mapumziko na matumaini husaidia zaidi ya tunavyokiri. Hayo mawili mtu anayapata kwa chai ya kawaida na chumba chenye giza. Mimea ya kanuni ya Song inastahili kuchunguzwa kwa majaribio yaliyofichwa vizuri na kuchapishwa hata yakishindwa, lakini mpaka sasa haijathibitishwa kuwa tiba ya kipandauso, na xixin iliyomo ina hatari inayojulikana. Anayependa kikombe cha maua ya juhua na akakinunua mahali panapoaminika, anywe kwa kuburudika, asiache dawa alizoandikiwa, na amwambie daktari wake anachokunywa. Anayeuziwa unga usio na majina kwa ahadi ya kuponywa kabisa, aurudishe.